Uzito Unaokaa Mgongoni mwa Pikapu

Kila aliyenunua trela la nyumba katika ile yadi ya Sheridan alipita mikononi mwa Royce Tolliver kabla ya kutoka getini. Wauzaji walikuwa wanne, wenye mashati yaliyopigwa pasi na maneno matamu, lakini wa kufundisha alikuwa mmoja. Kila mteja alipewa saa moja na nusu. Ndani ya muda huo, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukokota kitu kizito kuliko mashua ya kuvulia samaki alitakiwa ajue kuunga nyumba ya futi thelathini na nne nyuma ya gari lake, kuikokota barabarani, na kuiingiza kambini kinyumenyume bila kumkanyaga mkewe.

Royce alikuwa na miaka hamsini na saba. Shule aliiacha akiwa na kumi na tano, akaendesha malori ya ng'ombe, kisha ya makaa ya mawe, mpaka mgongo ukamkatalia. Yadi ilimlipa mshahara wa kawaida, lakini ilimpa na bima ya afya, na bima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpatia mkewe Jeanette sindano zake za sukari. Kwa hiyo alifundisha, akafunga mdomo kwa yasiyomhusu.

Jumanne moja ya mwezi wa sita waliletwa kwake Verlin na Marva Stuckey. Verlin alikuwa amesambaza barua kwa gari miaka thelathini na mmoja mashariki mwa Nebraska, ambako kilima kikubwa ni daraja linalopita juu ya reli. Marva alikuwa mpishi wa shule. Walikuwa wameuza nyumba yao wiki tatu kabla. Vitu walivyobakiza vilikuwa ndani ya trela tayari: sufuria za chuma, zana za Verlin, cherehani, na maboksi ya mapichi aliyosindika Marva mwenyewe kwenye chupa.

"Mlango wa nyuma wa pikapu ushuke kwanza," Royce alimwambia Verlin, aliyekuwa ameketi kwenye usukani. "Kabla hujarudi nyuma hata inchi moja. Ukisahau, shingo ya trela itaukunja kama kopo la bia."

"Wangapi wamesahau?" Marva aliuliza. Alikuwa amesimama pembeni na daftari na kalamu.

"Mwaka huu? Saba. Mmoja alikuwa mchungaji. Nilijifunza matusi mapya siku ile."

Marva akacheka, akaandika. Verlin alirudi nyuma polepole. Shingo ya trela ilikuwa imenyanyuka hewani, na chini yake ilining'inia pini nene kama mkono wa mtu. Pini hiyo ilitakiwa iingie kwenye sahani ya chuma iliyofungwa katikati ya bodi ya pikapu, na taya za sahani ziikamate. Iliingia mara ya tatu. Taya zikalia klaki.

"Tumemaliza," Verlin alisema, akafungua mlango.

"Hatujamaliza. Mlio huo usiuamini, unadanganya watu kila siku. Shuka, piga magoti, mulika tochi. Utazame taya zimeikumbatia pini kwa macho yako mwenyewe."

"Na magoti yangu haya?"

"Basi mtume mama."

"Magoti yangu ni mabaya kuliko yake," Marva alisema, lakini alikwisha kupanda kwenye bodi na tochi. "Zimeikumbatia."

"Vizuri. Sasa, miguu ya trela ikiwa bado inagusa chini, shika breki za trela kwa mkono, hiyo swichi hapo karibu na goti lako, halafu vuta mbele kidogo. Ikigoma, mmeungana. Ikiachia, afadhali iachie hapa ianguke nusu inchi, kuliko iachie njiani na nyumba yako ikalalie gari."

Verlin alivuta. Trela liligoma. Alitabasamu kama mtu aliyeshinda jambo.

Ndipo Royce alipobonyeza swichi ya kukunja miguu ya trela, uzito wote wa shingo ukashukia kwenye pikapu. Gari lilichuchumaa nyuma. Pua ilinyanyuka, na taa za mbele zikaanza kutazama vilele vya miti ng'ambo ya barabara. Royce alizunguka hadi mlango wa dereva, kama anayekagua kioo, akasoma kibandiko cha njano kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Watu na mizigo, vyote pamoja, visizidi ratili elfu moja na mia nne themanini.

Trela lile, likiwa tupu, liliweka mgongoni mwa gari ratili elfu mbili na mia tatu. Royce alilijua kwa kichwa. Na tupu halikuwa.

Kosa hili alilifahamu vilevile. Mtu anasoma kwenye tangazo kwamba pikapu yake inavuta ratili elfu kumi na moja. Anaambiwa trela lina uzito wa elfu kumi. Anaona ana akiba ya elfu nzima, anatia sahihi. Hakuna anayemwambia kwamba trela la shingo halivutwi tu, linapanda mgongoni, na uzito wa mgongoni unasomwa kwenye nguzo ya mlango, siyo kwenye tangazo. Kip Dreyer, aliyewauzia, hakusema uongo hata mmoja. Alisimulia habari za kuvuta, za kubeba akaziruka.

"Pua imenyanyuka kidogo, sivyo?" Verlin aliuliza.

"Imenyanyuka," Royce alisema.

"Zote hunyanyuka, bosi," Kip alisema. Alikuwa amekuja na karatasi zake kwenye kibao. "Ikishaunganishwa lazima inyanyuke. Unakaa juu, unaona mbali."

Mwaka uliotangulia Royce alimwambia mteja mmoja habari za kibandiko. Mteja akarudisha ufunguo, akaondoka. Jioni ile tajiri, mwenye yadi, alimwita ofisini, akamwambia: "Wewe unafundisha kuunga. Kuuza kuna wenyewe. Sipendi kurudia maneno." Hakurudia. Tangu siku hiyo yalikuwa yametoka getini magari mengine yenye pua juu, na Royce alikuwa amejizoeza kutohesabu. Wengi walienda kuegesha kando ya ziwa maili ishirini kutoka mjini, wakakaa hapo majira yote ya joto wakichoma soseji.

Aliendelea na somo. Aliwaonyesha kwamba trela hukata kona kwa ndani, kwa hiyo dereva lazima apite mbele ya kona ndipo azungushe usukani. Aliwaambia wabandike urefu wa trela kwenda juu kwenye dashibodi, futi kumi na tatu na inchi mbili, kwa sababu hakuna anayeukumbuka akiliona daraja limeshafika. Aliwaonyesha valvu ya kumwagia maji ya tangi. Kwenye mteremko, aliwaambia, gia ishushwe mapema, kabla gari halijaanza kukimbia, na breki ikanyagwe kwa nguvu kisha iachiwe ipoe, isiwe ya kukanyagwa mfululizo. Marva aliandika kila neno. Verlin alikuwa akitazama saa.

"Mnaelekea wapi?" Royce aliuliza.

"Cody, kwa binti yetu Corinne," Verlin alisema. "Ametupikia."

Cody iko ng'ambo ya milima ya Bighorn. Kila mwenye trela Sheridan huizunguka milima hiyo kwa kaskazini, kupitia Billings, njia pana na tambarare. Royce alijiambia wanapita Billings. Hakuuliza, kwa sababu kuuliza kungemletea jibu.

Marva alifunga daftari, kidole kikiwa ndani yake. "Bwana Royce. Tungekuwa dada yako na shemeji yako, kuna kingine ungetuambia?"

Kip alikuwa amesimama pale pale, kibao mkononi.

"Nendeni taratibu," Royce alisema. "Mkifika maili hamsini, kazeni nati za magurudumu. Basi."

Mama yule alilifungua tena daftari, akaandika na hilo. Kip akampa Royce karatasi ya mwisho. Ilisema kwamba mwalimu amewafundisha wateja, amekagua, na ameridhika kwamba gari na trela vinafaana. Royce alitia sahihi.

Waliondoka saa tano. Royce alikuwa akiosha trela lingine Kip alipomjia akitafuna mkate wa nyama.

"Yule postamasta wako ana moyo," Kip alisema. "Anapita juu. Barabara ya kumi na nne A."

Royce alifunga bomba. "Juu wapi?"

"Juu ya mlima. Simu yake imemwambia inaokoa maili sabini."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nimemwambia safari njema." Kip alimeza. "Na wewe vipi, mzee? Mimi nimeuza. Aliyeandika vinafaana ni nani?"

Barabara ya 14A hupanda Bighorn kwa upole upande wa Dayton, kisha upande wa Lovell inaanguka. Ni maili kumi za mteremko mkali, na pembeni zimejengwa njia za kokoto ambazo lori lililokosa breki hukimbilia likajizike humo. Wenyeji wenye matrela huijaribu mara moja katika maisha, ujanani. Royce mwenyewe aliwahi kuishuka na lori la ng'ombe, na alipofika chini alikaa nusu saa kando ya barabara akisikiliza ng'ombe wakilia nyuma.

Alikausha mikono kwenye suruali, akatafuta ufunguo wa gari lake. Tajiri alikuwa mlangoni mwa ofisi.

"Royce, mteja wa saa saba yuko njiani."

"Atasubiri. Wale wa asubuhi wanapanda mlima na lile gari."

"Ni watu wazima. Wana karatasi zao."

"Nazijua karatasi zao."

"Sikiliza vizuri," tajiri alisema bila kupandisha sauti. "Ukitoka kwenye geti hilo kwa ajili hiyo, usirudi."

"Haya," Royce alisema, akatoka. Alidhani moyo ungemdunda. Alichosikia ni njaa tu.

Aliwakuta Dayton, kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mlima. Verlin alikuwa amesimama kando ya trela na kahawa, akimweleza mtu mmoja mwenye pikipiki jinsi linavyotembea kama lililowekwa juu ya reli. Marva alikuwa amepiga magoti, anakaza nati za gurudumu. Hata maili hamsini hawakuwa wamezifikisha.

"Mwalimu," Verlin alisema kwa furaha. "Tumesahau kitu?"

"Mimi ndiye niliyesahau. Fungua mlango wako usome kibandiko cha njano."

Verlin alisoma kwa sauti, kama asomavyo anwani. Royce akamwambia namba ya trela. Yule wa pikipiki aliwatazama wote wawili, akawasha pikipiki yake, akaondoka.

"Lakini gari hili linavuta elfu kumi na moja," Verlin alisema. "Nina karatasi."

"Linavuta. Halibebi. Trela lako limekaa mgongoni mwake, na mgongo huo umezidishiwa zaidi ya mia nane kabla hujaweka hata kijiko. Magurudumu ya mbele yanagusa lami kwa shida, na hayo ndiyo ya usukani na breki nyingi. Huku tambarare utajikongoja. Mteremko wa kule, trela litakusukuma, na hutakuwa na cha kulizuia. Geuza. Pitia Billings, halafu Corinne akutafutie gari kubwa la kukodi."

Verlin aliweka kahawa yake juu ya tairi. "Haya umeyajua lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi mke wangu alikuuliza kama kuna kingine. Nilikuwepo. Ukasema basi. Ukatia sahihi kwamba vinafaana."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulidanganya asubuhi, au unadanganya sasa?"

"Asubuhi."

"Basi nieleze, ndugu yangu. Mtu aliyenidanganya saa tano, saa sita nimwamini kwa lipi?"

Royce alikuwa amelitafuta jibu hilo njia nzima kutoka Sheridan, na hakulipata.

Verlin alitoa simu, akampigia Kip. Alisikiliza muda mrefu, akitikisa kichwa, huku akimtazama Royce kuanzia viatu. Alipokata, uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitaka.

"Kumbe umefukuzwa kazi."

"Nimefukuzwa kwa sababu ya kuja hapa."

"Yeye anasema umefukuzwa leo na una hasira, na si mara ya kwanza kuwaharibia biashara. Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini mambo yako na tajiri wako usiyamalizie kwenye trela langu."

"Verlin," Marva alisema. Alikuwa amesimama, spana mkononi. "Kibandiko hakikufukuzwa kazi."

"Marva, usianze."

"Nauliza tu. Elfu moja na mia nne themanini ndiyo iliyoandikwa, sivyo? Nimepima chakula cha watoto mia tatu kila siku miaka ishirini na miwili. Kujumlisha najua."

"Nyumba imeuzwa," Verlin alisema. Sasa sauti ilikuwa chini, na Royce alitamani asingekuwa karibu kuisikia. "Pesa ziko ndani ya hiki kitu. Unataka nimpigie Corinne, nimwambie baba yako amenunua trela asiloweza kulikokota? Na mumewe yule asikie?"

"Pitia Billings tu," Royce alisema.

"Nikipitia Billings nimekubali," Verlin alisema. "Panda, mke wangu. Chakula kinapoa."

Marva hakupanda. Alizunguka ubavuni mwa trela, akafungua daftari, akalisoma, akainama chini na kuivuta ile valvu ya tangi. Maji yakaanza kumwagika kwenye lami, yakatambaa kati ya pampu. Muuzaji wa kituo alitoka mlangoni, akatazama, akarudi ndani.

"Unafanya nini?" Verlin aliuliza.

"Natoa ratili mia tano." Aliingia ndani ya trela, akatoka na boksi la mapichi, akalipeleka kwenye gari la Royce. Akarudi kuchukua la pili. Royce alimsaidia la tatu na la nne. Kisha sufuria za chuma, kisha cherehani. Verlin alisimama akitazama jiko lake linahamishwa mchana kweupe.

Mwishowe Marva alifungua mlango wa abiria wa gari la Royce. "Na mimi ni ratili mia na themanini," alisema. "Nakupunguzia."

"Watu wataniona nakokota nyumba, mke wangu yuko nyuma na mwanamume mwingine."

"Watajua ni mizigo imegawanywa."

Verlin alitazama kando. Royce aliona taya la mzee yule likisogea, kama anatafuna neno. Aliingia garini peke yake, akaondoka, na kwa sababu ya hasira hakupita mbele ya kona, gurudumu la nyuma la trela likapanda ukingo wa kituo na kushuka kwa kishindo.

Walimfuata. Royce aliwasha taa za hatari, akakaa nyuma yake umbali wa malori matatu. Upandaji ulikwenda salama, maili ishirini kwa saa, moshi mweusi ukitoka. Juu kabisa bado kulikuwa na mabaka ya theluji kwenye majani. Marva alikuwa amepakata daftari.

"Ana shinikizo la damu," alisema. "Alipewa dawa. Anasahau kuzimeza."

Walipita kibao kinachowaambia wenye magari mazito wasimame wapime breki. Verlin hakusimama.

"Gia," Marva alisema. "Umemwambia aishushe mapema. Ameishusha?"

"Siwezi kuona kutoka huku."

"Utajuaje?"

"Kwa taa za breki. Akiwa ameishusha, zitawaka na kuzimika."

Mteremko ulianza. Taa za breki ziliwaka. Marva alizitazama, na Royce alizitazama. Ziliendelea kuwaka. Walipita kona ya kwanza, ya pili. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila hewa na bonde la Lovell mbali kule chini, rangi ya mkate. Taa hazikuzimika.

"Iachie ipoe," Marva alikiambia kioo cha mbele. "Verlin. Achia ipoe."

Royce alipiga honi mara tatu. Trela lilikuwa limeanza kucheza nyuma, kidogo kushoto, kidogo kulia, kama ng'ombe anayetafuta njia ya kukwepa. Harufu iliwafikia kabla ya moshi. Kisha ukaja moshi wenyewe, mweupe, kutoka magurudumu ya trela, halafu na ya pikapu. Kasi iliongezeka. Maili arobaini. Arobaini na tano. Walikaribia njia ya kokoto ya kwanza, na Royce alisema kwa sauti, "Ingia humo. Ingia, mzee, ingia." Verlin aliipita. Ya pili akaipita pia. Marva alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, kama mtu anayeweza kulizuia gari la mbele kwa mkono.

Kwenye kona ya mwisho kali, magurudumu ya trela upande wa ndani yalinyanyuka. Royce aliona lami na mwanga chini yake. Yalikaa hewani muda ambao mtu anavuta pumzi moja, kisha yakarudi chini, trela likayumba, likanyooka. Baada ya hapo barabara ikalegea. Mteremko ukawa mwepesi, ukawa tambarare, na pikapu ikatambaa hadi mahali pa kuegesha, ikasimama ndani ya wingu lake yenyewe.

Verlin alishuka. Alitembea akizunguka trela, akainama kutazama magurudumu yanayofuka, akanyooka. Royce na Marva walipomfikia alikuwa akicheka.

"Haya," alisema. "Nimeshuka, au sikushuka?"

Aligonga ubavu wa trela kwa kiganja.

"Nilitaka mtu aniambie tena kwamba haliwezekani. Mlima mbaya kuliko yote, siku ya kwanza, na sina mkwaruzo."

"Magurudumu yalinyanyuka," Royce alisema. "Yale ya ndani. Yaliacha lami."

"Mimi nilikuwa kwenye usukani. Hakuna kilichonyanyuka."

"Breki zako zimekwisha. Usizitumie mpaka zipoe, halafu zipelekwe kwa fundi."

"Breki mpya hunuka. Kip ameniambia." Verlin aliinua mikono kama anayemaliza ubishi, na Royce akaona jinsi inavyotetemeka. Verlin aliona ameonwa. Akaitia mifukoni upesi, kisha akautoa mkono mmoja, akamnyooshea Royce.

"Bila kinyongo," alisema.

Royce aliushika. Ulikuwa baridi na umelowa jasho, na ulitetemeka ndani ya mkono wake kama kuku anayesubiri kuchinjwa. Mzee anajua, Royce alifikiri. Ameyaona yote, na atayakana mpaka kaburini, kwa sababu aliyakana kwanza mbele ya mkewe. Kesho atamsimulia mkwewe. Keshokutwa ataona hakuna haja ya kuzunguka mlima wowote.

Walirudisha vitu. Verlin alibeba maboksi mwenyewe, mawili mawili, akipiga mluzi. Sufuria zikaingia, cherehani likaingia. Marva alibaki kando ya gari la Royce, hana kitu mkononi.

"Kuna mlima mwingine kabla ya Cody?" aliuliza.

"Hakuna. Ni tambarare mpaka mlangoni."

"Na baada ya Cody? Anataka kwenda kuona bahari upande wa Oregon."

"Baada ya Cody ni milima kila upande, mama."

Aliitikia kwa kichwa. "Mimi sina hasira na wewe. Nataka ujue tu. Verlin hushika neno la kwanza. Daktari wa kwanza, bei ya kwanza, njia ya kwanza. Akishashika, humtoi. Nimeishi naye miaka thelathini na minane, ndivyo alivyo. Ungemwambia asubuhi pale yadini, angepiga kelele, angekutukana, halafu angerudisha ufunguo. Leo jioni tungekuwa kwa Corinne na gari dogo, hatuna trela, amenuna."

"Ndiyo," Royce alisema.

"Sasa ameshashika kwamba anaweza."

"Usipande," Royce alisema. "Nitakupeleka Cody mimi. Ukifika kwa binti yako, mkae chini wote."

"Halafu?"

"Halafu hatakubali kwenda Oregon bila wewe."

Marva alimtazama, si kwa ukali, kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyekuja dirishani na sahani baada ya chakula kwisha.

"Ataenda," alisema. "Ataenda peke yake, ili aonyeshe. Nikiwemo, angalau yupo mtu wa kumwambia aachie breki."

Verlin alipiga honi. Mama yule alivuka changarawe, akashika kishikio cha juu ya mlango, akajivuta kwa shida mpaka kitini, akafunga mkanda. Pua ya pikapu, iliyokuwa imenyanyuka tayari, haikusogea kwa uzito wake. Waliingia barabarani kuelekea Cody. Moshi mwembamba ulikuwa bado unatoka kwenye gurudumu la nyuma la kulia, na Royce alisimama akiutazama mpaka hakuweza tena kuutofautisha na vumbi.